Filamu za Taiwan zina la kuiambia Tabaka

Jina la Tabaka limetangaa duniani kwa sababu ya jiwe. Jiwe la sabuni linalochimbwa huko Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, huchongwa likawa kiboko, bakuli, ubao wa sataranji au sanamu ya mama na mwana. Kisha hufungwa masandukuni, likapelekwa Mombasa na kuvuka bahari. Mchongaji aliyelitoa ardhini hajui litakaa juu ya meza ya nani, naye mnunuzi wa Paris au Chicago hajui mkono uliolichonga, wala mkono wa mama aliyelisugua kwa msasa na maji hadi likang'aa.

Kwa muda mrefu uhusiano huu umekuwa wa upande mmoja. Tabaka hutoa, walimwengu hupokea. Je, Tabaka nayo hupokea nini kutoka kwa walimwengu, mbali na shilingi chache za wachuuzi? Hupokea picha. Picha hizo huingia kupitia runinga, vibanda vya video na simu za mkononi, na huingia kwa wingi usiopimika. Hata hivyo, huingia bila mtu wa kuzieleza, kuzipinga wala kuzilinganisha na mambo ya nyumbani. Kijana huona mengi, hujadili machache.

Makala haya yanakusudia kuwashawishi walimu na wanafunzi wa Tabaka na viunga vyake kwamba wanaweza kuandaa, kwa gharama ndogo, mihadhara ya hadhara na maonyesho ya filamu kuhusu nchi za mbali. Aidha, ningependa kupendekeza kwamba pa kuanzia pawe Taiwan.

Najua swali litakaloulizwa mara moja: kwa nini Taiwan? Ni kisiwa chenye eneo la takriban kilomita mraba 36,000, kiasi kwamba Kenya yaweza kukimeza mara kumi na sita. Wakazi wake ni wapatao milioni 23. Kenya haina uhusiano wa kibalozi nacho. Wengi wetu tunakijua kwa sababu ya vipuri vya kompyuta na simu tu. Jibu langu ni kwamba siwaiti walimu waende kuisifu Taiwan wala kuiiga. Nawaita waitazame kwa kuwa maswali yaliyoikabili ndiyo yanayotukabili sisi: lugha gani isemwe shuleni, nani ana haki ya kusimulia yaliyopita, na wafu ambao serikali ingependa wasahauliwe wakumbukwe vipi.

Jambo lenyewe si geni. Katika chuo cha SOAS cha Chuo Kikuu cha London, ambako zimehifadhiwa hati nyingi za mashairi ya Kiswahili, taaluma ya masuala ya Taiwan imekuwa ikifundishwa tangu 1999. Pamoja na masomo ya darasani, chuo hicho huandaa mihadhara iliyo wazi kwa umma na maonyesho ya filamu kuhusu utamaduni, historia na siasa za kisiwa hicho. Yeyote apitaye njiani huweza kuingia, akatazama, akauliza. Sioni kwa nini jambo linalomfaa mwanafunzi wa London lisimfae mwanafunzi wa Tabaka. Waama, naamini litamfaa zaidi huyu wa pili, kwa kuwa ana mengi ya kulinganisha.

Filamu ziliwahi kuonyeshwa katika vijiji vyetu tangu zamani, ila tuzingatie zilionyeshwaje. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la sinema za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika. Gari lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini likiwaonyesha wanavijiji namna ya kulima, kuweka akiba na kujikinga na maradhi. Wanavijiji walitazamiwa kukaa, kutazama na kutii. Baada ya uhuru magari ya Wizara ya Habari yaliendeleza desturi hiyo. Watu walikusanyika uwanjani gizani, wakashangilia, wakaenda zao. Hapana aliyewauliza wana maoni gani.

Linganisha na yaliyotendeka Taiwan miaka kumi kabla ya jaribio la Vugiri. Taiwan wakati huo ilikuwa koloni la Japani, iliyoitawala tangu 1895 hadi 1945. Mnamo Oktoba 1921 wasomi wa kisiwa hicho, akiwamo daktari Chiang Wei-shui, waliunda Chama cha Utamaduni cha Taiwan. Chama hicho kilifungua vyumba vya kusomea magazeti na kuandaa mamia ya mihadhara mijini na vijijini. Katikati ya miaka ya 1920 mmoja wa viongozi wake, Tsai Pei-huo, alitumia fedha zilizotolewa kuwa zawadi ya kuadhimisha umri wa miaka sabini wa mama yake kununulia mashine ya sinema na filamu huko Japani. Kikundi cha vijana kikawa kinazunguka na mashine hiyo kutoka mji hadi mji.

Filamu zenyewe zilikuwa za kimya na nyingi hazikuhusu siasa. Basi siri ya mafanikio ilikuwa wapi? Ilikuwa katika mtu aliyesimama kando ya pazia. Enzi hizo kila filamu ilikuwa na msemaji aliyeifafanulia hadhira. Vijana wa chama waliifafanua kwa lugha ya mama ya watu wa kisiwani, nayo ni lugha ambayo polisi wengi wa Kijapani waliisikia kwa shida. Picha ya ng'ombe ikawa fursa ya kusema juu ya kodi, na picha ya mji wa Ulaya ikawa fursa ya kusema juu ya uhuru. Polisi waliketi ukumbini, na msemaji alipopitisha mpaka walimwamuru anyamaze. Hata amri hiyo ilikuwa somo kwa hadhira.

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Kinachoamua kama sinema ni chombo cha kutawala watu au cha kuwaamsha ni yule anayesema kando ya picha, na lugha anayoitumia. Afrika Mashariki tunalielewa jambo hili hata bila ya kwenda Taiwan. Nani kati ya wanafunzi wetu asiyemjua DJ Afro, ambaye filamu za Marekani, India na Hong Kong zimepata uhai mpya kwa sauti yake katika vibanda vyetu? Nchini Uganda mafundi wa aina hiyo hufanya kazi hii kwa Kiganda, na hadhira huwapenda kuliko waigizaji wenyewe. Wasomi wengi huwacheka. Mimi kama mwanaisimu sioni la kuchekwa. Hawa ni wafasiri, na hukabiliwa na kazi ngumu kuliko zote katika ufasiri: kumfanya mgeni aeleweke papo hapo, mbele ya watu ambao wakichoka huondoka.

Sasa tuzitazame filamu zenyewe. Ya kwanza ninayoipendekeza iliongozwa na Hou Hsiao-hsien na ilitolewa mwaka wa 1989. Jina lake la Kiingereza ni A City of Sadness, yaani Mji wa Huzuni. Mwaka huo ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice. Inasimulia habari za familia moja ya ndugu wanne kuanzia Japani iliposhindwa vitani mwaka wa 1945, Taiwan ikakabidhiwa serikali ya China ya wakati huo, hadi 1949.

Ili mtazamaji aielewe, mwalimu wa historia hana budi kutangulia na maelezo. Tarehe 27 Februari 1947, jijini Taipei, maafisa wa shirika la serikali lililohodhi biashara ya tumbaku walimpiga mjane aliyekuwa akichuuza sigara. Umati ulikasirika, afisa akafyatua risasi, mtu akafa. Siku ya pili yake, tarehe 28, kisiwa kizima kililipuka kwa maandamano. Siku chache baadaye wanajeshi waliletwa kutoka bara na mauaji yakaanza. Ripoti iliyoagizwa na serikali yenyewe na kutolewa 1992 ilikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 18,000 na 28,000. Mwezi wa Mei 1949 sheria ya kijeshi ikatangazwa, nayo haikuondolewa hadi Julai 1987. Kwa miaka 38 mzazi hakuthubutu kumwambia mwanawe jinsi babu alivyotoweka. Filamu ya Hou ilitoka miaka miwili tu baada ya sheria hiyo kuondolewa, na watu wengi waliona kwa mara ya kwanza hadharani jambo walilokuwa wakilinong'ona jikoni.

Kwa mwanafunzi wa lugha, filamu hii ni darasa la aina yake. Wahusika wanasema lugha za Kichina za namna mbalimbali pamoja na Kijapani, na mara nyingine katika mazungumzo mamoja maneno hupita kwa wakalimani wawili. Mdogo wa wale ndugu ni mpiga picha kiziwi asiyesema, ambaye huwasiliana kwa kuandika. Uziwi huo ulitokana kwa sehemu na tatizo la kawaida kabisa: mwigizaji aliyepewa nafasi hiyo, Tony Leung, alitoka Hong Kong na hakuweza kuisema lugha ya Kitaiwan. Mwongozaji akaligeuza tatizo kuwa ishara ya watu wote walionyang'anywa ulimi. Katika onyesho moja, kundi la watu wenye hasira linamzingira kiziwi huyu ndani ya gari la moshi na kumsemesha, kwanza kwa Kitaiwan kisha kwa Kijapani, ili lijue ni mwenzao au ni mtu wa bara. Uhai wake unategemea matamshi.

Watu wa Gusii hawahitaji kufafanuliwa maana ya onyesho hilo. Mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi uliozua zogo, wasafiri katika sehemu kadhaa za Kenya walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabara, wakadaiwa vitambulisho na kusemeshwa lugha ili kabila lao lijulikane. Wakazi wa mpaka wa Borabu na Sotik waliziona nyumba zikiteketea. Watoto waliozaliwa mwaka huo tayari wamekuwa vijana. Je, tumewasimulia? Na kama tumewasimulia, tumewapa simulizi ya upande mmoja au ya pande zote mbili?

Kuna na suala la lugha shuleni. Chini ya sheria ya kijeshi watoto wa Taiwan waliosema lugha ya nyumbani darasani walitozwa faini, walichapwa au walivikwa kibao shingoni ili waaibike. Mwalimu yeyote wa Kenya aliyevuka umri wa miaka arubaini anakijua kibao hicho. Kwetu kilipita mkono kwa mkono, kila aliyekivaa akitafuta wa kumrithisha, hata tukafunzwa kupelelezana kabla ya kufunzwa kusoma. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliieleza dunia habari za kibao hicho kwa kirefu. Nchi mbili ambazo hazikuwahi kushauriana zilibuni adhabu moja, kwa kuwa zilikuwa na lengo moja, nalo ni kumfanya mtoto aone haya kwa ulimi wa mama yake.

Taiwan imejaribu kugeuza njia. Sheria ya kuendeleza lugha za wenyeji wa asili ilipitishwa mwaka wa 2017, na sheria ya lugha za taifa ikaanza kutumika mwaka wa 2019, ikizipa lugha zote za kisiwa hadhi ya kuwa lugha za taifa. Wenyeji wa asili, walio katika makabila 16 yanayotambuliwa rasmi, ni takriban laki sita tu, na baadhi ya lugha zao zimebakiwa na wazee wachache. Sheria ilikuja jua likielekea kutua.

Nasi je? Sensa ya 2019 iliwahesabu Abagusii wapatao milioni 2.7, idadi iliyo zaidi ya mara nne ya wenyeji wote wa asili wa Taiwan. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka dola iendeleze lugha za wenyeji. Mtaala wetu wa umilisi unatoa nafasi kwa lugha hizo katika madarasa ya chini. Ekegusii husikika redioni kutwa kucha. Hata hivyo, wingi wa watu si kinga. Tuwatazame jirani zetu Abasuba wa Mfangano na Rusinga, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Ekegusii. Hawakuuawa wala kuhamishwa. Walihamia Dholuo kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Lugha haifi kwa kukosa wasemaji wazee. Hufa siku ambayo mtoto anaulizwa kwa lugha hiyo naye akajibu kwa nyingine, na mzazi akafurahi.

Filamu ya pili ninayoipendekeza ni Seediq Bale ya mwongozaji Wei Te-sheng, iliyotolewa mwaka wa 2011. Sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni kwa lugha ya Waseediq, na aliyeigiza uzee wa shujaa mkuu, Lin Ching-tai, alikuwa mchungaji wa kanisa. Filamu inahusu mkasa wa Wushe. Mnamo tarehe 27 Oktoba 1930 wapiganaji wa Kiseediq, wakiongozwa na mzee Mona Rudao, waliwashambulia Wajapani waliokusanyika kwa michezo katika uwanja wa shule, wakawaua 134. Japani ilijibu kwa mizinga, ndege na gesi. Mona Rudao alijiua mlimani. Maiti yake ilipopatikana miaka michache baadaye haikuzikwa. Ilipelekwa katika chuo kikuu cha kikoloni jijini Taipei ikawa kielelezo cha utafiti. Jamaa zake walidai na kudai, na mnamo 1973 ndipo mabaki hayo yaliporejeshwa Wushe yakazikwa.

Ewe mwalimu wa historia uliye Tabaka, hebu tulia hapo kidogo. Mnamo Januari 1908 kijana Otenyo Nyamaande alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza Geoffry Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Simulizi zetu zinasema alichochewa na Moraa Ng'iti, mama mwenye kuona ya mbele. Northcote alipona. Vijiji vilichomwa, mifugo ikaswagwa, watu wakauawa. Otenyo alikamatwa akauawa, na inasimuliwa hadi leo kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Wazee wa Gusii wamekidai kwa miaka mingi. Yule Northcote, kwa upande wake, alipanda vyeo hata akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Dunia ya wakoloni ilikuwa moja. Mtu aliweza kuonja mkuki wa Kisii na kisha kwenda kuwatawala Wachina. Ni sisi tuliotawaliwa ndio tuliofundishwa kuona kila kisa peke yake.

Mona Rudao na Otenyo hawakujuana. Mmoja amezikwa, ametengenezewa filamu ya zaidi ya saa nne, na mtoto wa Taipei anamjua. Mwingine bado ni habari za wazee kando ya moto. Tofauti hiyo haikuletwa na ushujaa. Imeletwa na watu walioketi wakaandika, wakapiga picha, wakaonyesha na wakajadili.

Tusidhani kwamba Kenya haina mifano yake. Mnamo 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walionyesha kwamba wakulima na vibarua wanaweza kujiandalia mchezo kwa lugha yao. Mchezo ulipigwa marufuku, na mnamo 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Wadegodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakateswa na kuuawa. Takwimu rasmi za awali zilitaja watu 57, ilhali manusura wametaja idadi kubwa mara nyingi zaidi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais mwezi wa Mei 2013. Miaka miwili baadaye Judy Kibinge alitoa filamu ya hali halisi juu ya mauaji hayo. Taiwan, rais wake Lee Teng-hui aliomba radhi hadharani mwaka wa 1995 kwa mauaji ya 1947, na tangu 1997 tarehe 28 Februari imekuwa sikukuu ya taifa. Wanafunzi na waulizwe: radhi ya dola ina thamani gani? Inatosha bila fidia? Inatosha bila majina ya waliotoa amri?

Walimu wa lugha nao wasiachwe nyuma. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba familia kubwa ya lugha za Kiaustronesia, yenye lugha zaidi ya 1,200, chimbuko lake ni Taiwan. Kutoka huko wasemaji wake walisambaa baharini kwa maelfu ya miaka hadi Ufilipino, Indonesia, visiwa vya Pasifiki, na upande wetu hadi Bukini. Neno la tano katika Kipaiwan cha Taiwan ni lima. Katika Kimalesia ni lima. Katika Kimalagasi ni dimy. Walipofika huku walikutana na Wabantu. Ng'ombe kwa Kimalagasi ni omby, na kuku ni akoho. Linganisha na eng'ombe na engoko za Ekegusii, na utaona kwamba wajukuu wa mabaharia wa Taiwan walijifunza majina ya mifugo kutoka kwa binamu zetu wa pwani. Hata ngalawa yenye matengo pande mbili, inayoonekana Lamu na Unguja, huaminiwa na wataalamu kuwa na asili ya mabaharia hao. Mwanafunzi aliyedhani Taiwan ni mbali atagundua kwamba imekuwa ukutani mwa nyumba yake.

Wachongaji pia wana lao. Mji wa Sanyi, katika wilaya ya Miaoli, ni Tabaka ya Taiwan, isipokuwa wao huchonga mbao. Ufundi huo ulikua enzi za Wajapani, ukastawi kwa kuuza ng'ambo, kisha ukayumba pale bei za nchi nyingine ziliposhuka chini ya zao. Mnamo 1995 palifunguliwa jumba la makumbusho ya sanaa ya kuchonga mbao, na mgeni sasa huifuata kazi mahali ilikotoka. Tabaka imemtoa Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake imefika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mnamo 2014 tamasha la utamaduni wa kienyeji la Smithsonian, jijini Washington, lilizialika Kenya na China pamoja katika uwanja mmoja. Yafaa siku moja tuone wageni hao wakija Tabaka.

Sasa nigusie siasa, maana hapa pana miiba. Kenya iliitambua serikali ya Beijing mnamo Desemba 1963. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa uliikabidhi Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35, na nchi za Kiafrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilichangia sana. Furaha aliyoonyesha Salim Ahmed Salim ukumbini siku hiyo inatajwa kuwa miongoni mwa sababu za Marekani kumpinga alipowania ukatibu mkuu wa umoja huo mwaka wa 1981. Leo ni Eswatini pekee barani Afrika inayodumisha ubalozi na Taipei, ingawa Somaliland ilibadilishana nayo ofisi za uwakilishi mwaka wa 2020. Mnamo Aprili 2016 Kenya iliwasafirisha hadi China watu 45 wa Taiwan waliohusishwa na ulaghai wa simu, baadhi yao wakiwa wameachiliwa na mahakama ya Nairobi. Taipei ililalamika, Nairobi ikashikilia kwamba inaitambua China moja.

Kwa hiyo mwalimu awe mwangalifu. Beijing inayo Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na Taipei nayo hugharimia maonyesho ya filamu zake katika nchi nyingi. Kila mfadhili ana lake moyoni. Mwalimu asiwe balozi wa Beijing wala wa Taipei. Aweke hoja zote mezani: wale wanaosema Taiwan ni mkoa wa China, na wale wanaosema kwamba watu waliomchagua rais wao kwa kura ya moja kwa moja tangu 1996 wana haki ya kujiamulia. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa haki hoja ya asiyekubaliana naye amehitimu, hata kabla ya mtihani.

Watakuwapo wanaosema Tabaka ina shida za barabara, maji na bei duni ya jiwe, na kwamba filamu za Taiwan ni anasa. Nawajibu kwamba anayepunjwa bei hupunjwa kwanza kwa kutojua. Mchongaji asiyejua dunia inanunua nini na kwa nini hana silaha mbele ya mchuuzi. Wengine watauliza kwa nini tusianze na historia ya Gusii. Mara nyingi ni rahisi mtu kuutazama msiba wa jirani kwanza, kisha ageukie wake. Wazee wasioweza kuketi pamoja kuzungumzia 2008 wataweza kuketi pamoja kuzungumzia 1947, na usiku ukikua watajikuta wamefika nyumbani.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Panahitajika ukumbi wa shule au wa kanisa, shuka jeupe, mashine ya kuonyeshea picha na spika. Idhini ya kuonyesha filamu hadharani itafutwe kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, na haki za wenye filamu ziheshimiwe. Seediq Bale ina damu nyingi, hivyo si ya watoto wadogo. Na A City of Sadness huenda polepole, hivyo haifai kuonyeshwa bila mtangulizi. Mwalimu wa historia atoe mhadhara wa nusu saa. Wanafunzi wawili watafsiri mazungumzo mapema, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Ekegusii, wasimame kando ya shuka na kusema. Baadaye mazungumzo yafunguliwe, na wa kwanza kupewa nafasi wawe akina mama wanaosugua mawe, ambao katika mikutano yetu huitwa kupika chai. Jioni ya pili isiwe ya Taiwan tena. Iwe ya Otenyo na Moraa, wakisimuliwa na wazee huku wanafunzi wakinasa sauti zao kwa simu zile zile tunazowalaumu nazo.

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ningeongeza kwamba anayezijua mila zake peke yake naye ana pingu, ingawa ni nyepesi. Mchongaji wa Tabaka hulizunguka jiwe lake kabla ya kulipiga tindo, kwa kuwa upande mmoja haumwonyeshi mshipa ulipopita. Historia yetu tumeitazama kwa upande mmoja kwa muda mrefu mno. Walimu wa Tabaka wanaweza kutuzungusha upande wa pili muhula ujao, na hawahitaji kungoja waraka kutoka Nairobi.